Vidonge vya dada havikuwa vyangu

Siku ya kwanza joto liliponipanda kazini nilikuwa nachora mistari ya kontua ubaoni, Kidato cha Tatu, kipindi cha kwanza baada ya chai. Lilianzia kifuani, likapanda shingoni, likafika masikioni, na chaki ikalowa vidoleni mpaka ikakatika. Nikabaki nimeutazama ubao, kwa sababu sikutaka wanafunzi wauone uso wangu. Ulikuwa mwaka 2018, nina miaka 51, na hedhi ilikuwa imekatika tangu mwaka uliotangulia.

Usiku ulikuwa mbaya zaidi. Saa nane naamka, kanga imenigandia mgongoni, moyo unanidunda, na usingizi haurudi tena mpaka adhana ya alfajiri. Nikifungua dirisha nilikuwa naiona taa ya chumba cha jirani yangu, nyumba ya pili, nayo inawaka. Tulikuwa hatujawahi kuulizana kwa nini. Mama yetu mzazi alipita katika hayo yote bila kutamka neno, na sisi mabinti zake tukarithi ukimya wake pamoja na joto lake.

Dada yangu mkubwa anaishi Tanga. Mwaka 2012 alitolewa kizazi kwa sababu ya fibroidi, uvimbe wa kizazi, zilizokuwa zikimtoa damu kila mwezi mpaka anaongezewa chupa za damu hospitalini, na ovari, yaani vifuko vya mayai, zikatolewa pamoja nacho. Likizo ya Juni nilikwenda kumsalimia, tukalala chumba kimoja. Yeye analala, mimi nageuka. Asubuhi akaniambia, "Mdogo wangu, mimi inayonilaza ni dawa." Akafungua kabati, akanipa karatasi mbili za vidonge vyake. Alinipa kwa mapenzi, kama ambavyo angenigawia dagaa au unga.

Nilivimeza. Baada ya wiki tatu nililala usiku mzima kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule uanze. Vilipokwisha nilikwenda duka la dawa na ile karatasi tupu, nikauziwa vingine bila kuulizwa cheti. Hivyo kwa miezi saba.

Kisha damu ikarudi. Kwanza matone, halafu damu kamili, kama ile ya usichanani. Mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi akiona damu anapaswa kwenda hospitali bila kuchelewa. Mimi nilingoja wiki tatu nikijidanganya kwamba ujana umenirudia. Daktari wa magonjwa ya wanawake alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Mama, dada yako ana kizazi?"

Hana.

"Wewe je?"

Ninacho.

Akachora kwenye karatasi mfuko mdogo wenye ukuta ndani. Vidonge vya dada vilikuwa homoni ya kike iitwayo estrojeni, peke yake, akasema. Estrojeni hulisha ule ukuta wa ndani ya kizazi, unakua na kukua. Zamani, mwezi kwa mwezi, homoni ya pili, projesteroni, ilikuwa inaupa ukuta huo amri ya kukomaa, na ilipopungua ukuta ulishuka. Ukimeza estrojeni peke yake huku kizazi kipo, hakuna wa kuusimamisha. Jambo hili halikujulikana jana: mwaka 1975 madaktari wa Marekani walichapisha taarifa kwamba wanawake waliokuwa wakitumia estrojeni pekee walikuwa wanapata saratani ya ukuta wa kizazi mara kadhaa zaidi ya wenzao. Nilichukuliwa kipande kidogo cha ukuta huo kikapimwe. Ukuta wangu ulikuwa umenenepa, lakini hakukuwa na chembe mbaya. Nikatibiwa, ukuta ukapungua, na joto likarudi pale pale lilipokuwa.

Ndipo mwaka 2020 nikaandikiwa dawa ya wanawake wenye kizazi: kidonge kimoja chenye estrojeni na projestini pamoja, kila siku bila kukatisha. Projestini ni ndugu wa kutengenezwa wa projesteroni. Zipo za aina nyingi. Nikatoka nimeridhika. Kizazi kilikuwa kimepata mlinzi wake. Kuhusu matiti hakuna aliyesema kitu, na mimi sikuuliza, kwa sababu sikujua kwamba kuna la kuuliza.

Miezi miwili haikupita matiti yakaanza kujaa. Yalikuwa mazito, yanauma nikishuka ngazi, yanauma nikilala kifudifudi. Ilikuwa ile hali ya wiki moja kabla ya hedhi ambayo kila mwanamke anaijua, ila hii haikuwa na hedhi ya kuimaliza. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka. Nilinunua sidiria kubwa zaidi nikaendelea na kazi.

Oktoba 2017, kabla ya haya yote, walimu wanawake wa shule yetu tulichangishana tukaenda kupiga mamografia, yaani picha ya matiti. Nilikuwa nimeitunza ile bahasha chini ya godoro, pamoja na hati ya kiwanja. Kila ninapofikiria jambo hili nashukuru kwamba niliitunza. Mwaka 2021 nilipokwenda kupiga ya pili niliibeba.

Mapokezi walinipa fomu. Kulikuwa na swali: unatumia homoni? Nikaandika hapana. Kwangu mimi homoni ilikuwa ni dawa za uzazi wa mpango, na hizi zangu zilikuwa "dawa za joto". Neno hilo moja lilinigharimu wiki mbili za hofu.

Mtaalamu wa mashine alikuwa binti wa umri wa wanafunzi wangu wa kwanza. "Samahani mama, itabana kidogo. Usipumue." Kibamba kikashuka, titi likalazwa bapa. Mwaka 2017 niliona tabu ndogo tu. Safari hii machozi yalinitoka kabla mashine haijamaliza kulia.

Daktari wa picha alinionyesha zote mbili kwenye kioo, ya zamani kushoto, mpya kulia. Naomba nizieleze, maana ndizo zilizonifundisha kuliko maneno. Ya mwaka 2017 ilikuwa nyeusi karibu yote, na nyuzi chache nyeupe zikitoka kwenye chuchu na kugawanyika, kama mito midogo kwenye ramani. Weusi ule ni mafuta. Mwanamke akishakoma hedhi, tezi na mirija ya maziwa husinyaa taratibu na mafuta huchukua nafasi yake, na picha inakuwa nyepesi kusomeka. Ya mwaka 2021 ilikuwa na weupe uliotanda nusu nzima ya juu, upande wa kwapani, umeshikamana. Ninafundisha hali ya hewa. Niliiona picha ya setilaiti ya pwani yetu wakati wa masika.

"Mama, hapa kuna wingu," alisema. "Saratani nayo kwenye picha hii ni nyeupe. Siwezi kukuambia nyuma ya wingu kuna nini."

Kwenye altrasaundi palionekana doa. Nikachomwa ganzi, ikaingia sindano nene yenye mlio kama wa stepla, mara nne. Siku kumi na nne nikasubiri. Nilisahihisha mitihani ya muhula usiku na mchana ili nisiwaze. Majibu yalikuja: tezi za kawaida zilizoongezeka, hakuna saratani. Nilisujudu palepale kwenye korido.

Mtoto wa dada yangu ni mfamasia hapa Dar es Salaam. Jioni ile alikuja na matunda, akakuta nimeweka pakiti zote mezani: karatasi ya zamani ya mama yake na kopo la vidonge vyangu. "Mama mdogo," akasema, "hizi ni dawa mbili tofauti. Wewe na mama mnasema nyote mnatumia homoni, lakini matiti yenu hayapokei kitu kimoja."

Alinieleza hivi, na nimekuja kusoma mwenyewe baadaye nikaona alisema kweli. Estrojeni huikuza mirija ya titi. Projesteroni hukuza vile vijitezi vilivyo mwisho wa mirija, na ikikutana na estrojeni, chembe za titi hugawanyika kwa wingi zaidi. Ndiyo maana, tulipokuwa tunapata siku zetu, matiti yalijaa katika ile nusu ya pili ya mwezi, baada ya yai kutoka. Kidonge changu cha kila siku kilikuwa kinaliweka titi katika nusu ile ya mwezi bila kulipumzisha. Homoni ya pili iliwekwa kwa ajili ya kizazi, na titi likapata sehemu yake bila kuiomba.

Kuna utafiti wa Marekani wa miaka ya 1990 uliowapiga picha wanawake kabla na baada ya mwaka mmoja wa dawa. Kati ya waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani, hakuna aliyeongezeka weupe wa titi. Waliopewa estrojeni pekee waliongezeka wachache sana, takriban 3 au 4 katika kila 100. Waliopewa estrojeni na projestini ya kutengenezwa waliongezeka kati ya 19 na 24 katika kila 100. Na waliopewa estrojeni na projesteroni yenyewe, ile inayofanana kabisa na ya mwili, waliongezeka kama 16. Nilipoisoma hesabu hii niliiona picha yangu na picha ya dada. Yeye alipigwa mamografia Tanga mwaka huohuo wa 2021, miaka tisa ndani ya dawa, na titi lake lilikuwa jeusi kama usiku wa kijijini.

Picha nyeupe si saratani, hilo lazima liwekwe wazi. Lakini titi lenye tezi nyingi huficha saratani, na lenyewe hubeba hatari kubwa kidogo. Nilitaka kujua hatari yenyewe kwa idadi ya watu, kwa sababu hofu isiyo na idadi haina mwisho.

Utafiti unaotajwa na kila mtu ni ule wa Marekani uitwao Women's Health Initiative. Wanawake 16,608 wenye kizazi waligawanywa kwa kura: nusu wakapewa estrojeni pamoja na projestini iitwayo medroksiprojesteroni, nusu wakapewa kidonge kitupu. Medroksiprojesteroni wanawake wengi wa hapa wanaijua kwa jina la sindano ya miezi mitatu, ingawa kipimo na matumizi yake pale ni tofauti. Julai 2002, baada ya miaka kama mitano, sehemu hiyo ilisimamishwa. Kwa mwaka, katika kila wanawake 10,000, waliopata saratani ya matiti walikuwa 38 kwa waliotumia dawa na 30 kwa wasiotumia. Tofauti ni wanawake wanane. Habari ile ilizunguka dunia nzima bila wale wanane kutajwa, na madaktari wengi wakaacha kabisa kuandika homoni, ya aina yoyote, kwa mwanamke yeyote. Nadhani hata huku kwetu, daktari anayesema "homoni ni saratani" anarudia mwangwi wa mwezi ule.

Kumbe utafiti huohuo ulikuwa na kundi la pili, wanawake 10,739 waliokwisha kutolewa kizazi, kama dada. Hao walipewa estrojeni peke yake. Nao walisimamishwa mapema, mwaka 2004, kwa sababu ya kiharusi. Lakini kwenye matiti saratani haikuongezeka. Walipofuatiliwa kwa takriban miaka 20, matokeo yakachapishwa mwaka 2020: waliotumia estrojeni pekee walipata saratani ya matiti pungufu kwa asilimia 22 kuliko waliomeza kidonge kitupu, na vifo vya saratani hiyo vilikuwa vichache zaidi kwao. Wa kundi la kwanza, la estrojeni na projestini, walikuwa wamezidi kwa asilimia 28. Utafiti mmoja, estrojeni ileile, na matiti yamekwenda njia mbili.

Sitaki mtu asome hapo akakimbilia duka la dawa. Mwaka 2019 watafiti walikusanya tafiti nyingi za nchi tajiri na kuzijumlisha, na wao walipata jibu gumu zaidi. Katika kila wanawake 100 ambao hawajawahi kutumia homoni, kama 6.3 watapata saratani ya matiti kati ya miaka 50 na 69. Wakitumia estrojeni pekee kwa miaka mitano tangu wakiwa na 50, wanakuwa 6.8. Wakitumia estrojeni na projestini ya kupokezana, yaani projestini kwa siku kadhaa tu za mwezi, wanakuwa 7.7. Projestini ikiwa ya kila siku, 8.3. Basi kuhusu estrojeni pekee tafiti hizi mbili hazikubaliani: moja inaona nafuu, nyingine inaona nyongeza ndogo. Panapokubaliana ni kwenye homoni ya pili, na kwenye muda: kadiri miaka inavyozidi ndivyo hatari inavyopanda, na haiondoki yote siku unayoacha. Sehemu yake hubaki zaidi ya miaka 10. Wengi wa wanawake hao ni wa Ulaya na Marekani, ambako saratani ya matiti ni nyingi kuliko kwetu, kwa hiyo sizichukui hesabu zao kama zilivyo. Ninachochukua ni mpangilio wake.

Nilirudi kwa daktari wangu na daftari. Safari hii nilikuwa na maswali yaliyoandikwa, tena kwa namba, na nikamwomba asinijibu kwa haraka. Nikamwambia siwezi kurudi kwenye zile usiku za macho, lakini wingu lile pia silitaka. Akaniwekea njia tatu: kuacha, kupunguza kipimo, au kubadili homoni ya pili. Akanitajia utafiti wa Ufaransa, E3N, ulioanza mwaka 1990 kwa kuwafuata wanawake wapatao 100,000, na wengi wao ni walimu, kwa sababu walipatikana kupitia bima ya afya ya watumishi wa elimu. Walimu wenzangu! Sijui kwa nini jambo hilo lilinigusa, lakini lilinigusa. Kati yao, waliotumia estrojeni na projestini nyingi za kutengenezwa walikuwa na saratani ya matiti mara 1.7 hivi ya wasiotumia. Waliotumia estrojeni na projesteroni yenyewe hawakuzidi. Walipofuatwa zaidi, waliopitisha miaka mitano hata kwa projesteroni walianza kuonekana kupanda kidogo. "Kwa hiyo mwalimu," daktari alisema, "hii ni laini zaidi kwa titi, si kwamba haina kitu."

Nikabadili: estrojeni ya jeli ya kupaka mkononi asubuhi, na usiku kidonge laini cha projesteroni. Projesteroni haikuwa ngumu kupatikana, kwa kuwa wajawazito hupewa mimba ikitishia kutoka. Jeli ndiyo ilikuwa taabu. Mara nyingine nililetewa na mwalimu mwenzangu anayekwenda Nairobi. Na kidonge kile kina faida ambayo sikuitarajia: kinaleta usingizi, ndiyo maana humezwa wakati wa kulala.

Hapa nilikosea jambo moja ambalo naona wengi wanalikosea. Nilidhani jeli ni salama kwa matiti kwa vile haipiti tumboni. Mfamasia wetu akanisahihisha: "Mama mdogo, jeli na kibandiko vinaliepuka ini. Ndiyo maana damu haigandi kama inavyoweza kuganda ukimeza. Lakini titi linachota kwenye damu. Estrojeni ikishaingia kwenye damu, titi haliulizi imepitia mdomoni au kwenye ngozi." Na tafiti za matiti hazionyeshi tofauti ya maana kati ya estrojeni ya kumeza na ya kupaka. Kwa mtu mwenye shinikizo la damu kama mimi jeli ina maana kubwa, ila ni kwa ajili ya mishipa ya damu.

Kuna pia kidonge kiitwacho tiboloni, ambacho mwalimu mmoja alinisifia kwa kuwa hakijazi matiti. Ni kweli kwenye picha hakiongezi weupe sana. Hata hivyo, kilipojaribiwa kwa wanawake waliowahi kuugua saratani ya matiti, saratani ilirudi kwa wengi zaidi na jaribio likakatishwa. Titi kutulia kwenye picha hakumaanishi kwamba limepona kila kitu.

Na viazi vikuu. Mwezi wa Ramadhani shangazi yangu alinisisitizia nile viazi vikuu kwa wingi kwenye futari, amesikia vina projesteroni. Chanzo cha maneno hayo ni cha kweli: katika miaka ya 1940 mkemia Russell Marker alitengeneza projesteroni kutokana na viazi vikuu vya mwituni vya Mexico. Lakini aliitengeneza maabara, hatua kwa hatua, kwa kemikali ambazo tumbo la mwanadamu halina. Nilivila na tui la nazi, vikawa vitamu. Joto halikuvijali.

Baada ya miezi miwili ya dawa mpya matiti yalilegea. Nililala kifudifudi nikaamka hivyohivyo, nikakaa kitandani nikiyashika kwa mikono miwili na kushangaa kwamba hayaumi. Mamografia ya mwaka 2023 ilikuwa na wingu bado, lakini limekatikakatika, na daktari wa picha aliweza kuona kati yake. Safari hiyo kwenye fomu niliandika majina yote mawili, kipimo, na tarehe ya kuanza, mpaka nafasi ikakaribia kuniishia. Mwaka 2024 nikaacha polepole. Nimebaki na estrojeni kidogo ya kuweka ukeni mara mbili kwa wiki kwa sababu ya ukavu, jambo ambalo wanawake wa rika langu tunalisema kwa kuzunguka sana. Hiyo kipimo chake ni kidogo mno na inayofika kwenye damu ni chembe. Katika ule mkusanyo wa 2019 haikuonekana kuongeza saratani ya matiti.

Sasa nirudi kwenye ile taa ya nyumba ya pili.

Mwaka 2022 jirani alibisha mlango saa tatu usiku, kajifunga kanga mbili, kiguu na njia. Tulikuwa tumekwisha kuzoeana kidogo. Nilikuwa nimejua aliugua titi miaka mitatu kabla, akatibiwa Ocean Road, hospitali ya saratani, titi la kushoto likaondolewa, na yuko kwenye tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti. Alikaa kwenye kiti cha jikoni. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye mapanja ilhali feni inazunguka juu yake. "Jirani yangu," akasema, "najua una dawa ya hili joto. Nipe karatasi moja tu. Mimi sitalala tena mwaka mzima?"

Droo yenye dawa ilikuwa usawa wa goti langu. Nilikumbuka mkono wa dada ukitoka kabatini. Nami nilikuwa nimepewa kwa mapenzi, na mimi pia nilimpenda mama huyu.

Nikamwambia hapana. Alinitazama kama niliyemnyima maji. Nikavuta kiti changu karibu na chake, nikamweleza nilichokijua: kwamba dawa anayomeza kazi yake ni kuizuia estrojeni isilishike titi, na kwamba mimi nikimpa estrojeni nitakuwa namfungulia mlango mtu aliyekwisha kufukuzwa. Huko Sweden waliwahi kuwapa homoni wanawake waliopona saratani ya matiti, na Desemba 2003 wakakatisha kwa sababu saratani ilikuwa inawarudia. Nikavua kanga yangu begani nikamwonyesha kovu dogo la ile sindano. Akaligusa kwa kidole.

"Mbona hospitali sikuwaambia kuhusu joto?" akauliza, zaidi akijiuliza mwenyewe. "Niliona nimeokoka na kufa, niende kulalamikia jasho?"

Jumatatu niliomba ruhusa shuleni, tukapanda daladala wote wawili. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka adhuhuri, bahari iko ng'ambo ya barabara, upepo ukipita. Alipoingia alinivuta mkono niingie naye. Akaanza kwa kuzunguka, kwamba halali vizuri, kwamba ana mawazo, nikamgusa goti, akasema: "Daktari, naungua moto usiku." Daktari aliweka kalamu chini akamsikiliza. Alimwandikia kidonge kisicho na homoni, cha kundi la dawa za sonona lakini kwa kipimo kidogo, aina ambayo haigombani na tamoksifeni. Zipo nyingine za kundi hilo zinazogombana nayo, alisema, ndiyo maana nazo haziazimwi.

Joto halikwisha lote. Alisema limetoka mara kumi kwa usiku likawa mara mbili, tatu. Dada yangu nilimpigia simu nikamsimulia yote, na nikamwomba vidonge vyake vibaki vyake. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mdogo wangu, nisamehe." Nikamwambia hakuna deni.

Bado naamka saa nane mara mojamoja, ni mazoea tu ya mwili. Nafungua dirisha kupata hewa. Nyumba ya pili, upande wa chumba chake, mara nyingi huwa giza.